Majaribio ya kitabibu yenye malipo: ni nini, na unajiungaje

Jaribio la kitabibu ni utafiti unaofanywa kwa watu ili kujua kama dawa, chanjo, kifaa au njia fulani ya matibabu inafanya kazi, na ni salama kiasi gani. Hufuata mpango ulioandikwa na kuidhinishwa kabla mtu wa kwanza hajaguswa. Likiwa la malipo, mshiriki hupewa fedha kwa ajili ya muda wake, nauli na usumbufu anaoupata.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. Pesa hiyo si mshahara, wala si bei ya hatari. Kamati ya maadili, yaani kundi linalokagua utafiti ili kuwalinda washiriki, inapoamua kama jaribio linakubalika, huweka hatari upande mmoja na manufaa upande wa pili, na malipo hayahesabiwi kuwa manufaa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imelisema hilo waziwazi katika miongozo yake. Jaribio la hatari kupita kiasi haliwi halali eti kwa sababu linalipa vizuri. Nasisitiza jambo hili kwa sababu anayetafuta jaribio kwa kuangalia fedha peke yake huruka maswali ambayo yangemlinda.

Kiasi kinacholipwa hutegemea sana awamu ya utafiti. Awamu ya kwanza hujaribu dawa mpya kwa watu wachache, kwa kawaida 20 hadi 100, na mara nyingi ni watu wenye afya njema. Hao hulala kwenye kituo cha utafiti na hutolewa damu mara nyingi, kwa hiyo malipo yao huwa makubwa zaidi. Dawa kali, kama nyingi za saratani, haziwezi kupewa mtu mzima wa afya, hivyo hata awamu hiyo hufanywa kwa wagonjwa. Awamu ya pili hutumia wagonjwa hadi mamia kadhaa, na ya tatu mamia hadi maelfu. Katika awamu hizo wengi hurudishiwa nauli na kupewa posho ndogo kila wanapohudhuria. Awamu ya nne huja dawa ikiwa tayari sokoni.

Awamu ya kwanza ndiyo watu huifikiria wanaposikia "majaribio ya malipo", kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Unaingia kituoni jioni, begi lako linakaguliwa, unapimwa mkojo kuona kama umetumia dawa za kulevya, na unapuliza kifaa cha kupimia pombe. Usiku huli. Asubuhi muuguzi anakuwekea kanula, yaani mrija mwembamba wa kutolea damu, kwenye mshipa wa mkono, unameza kidonge kwa maji yaliyopimwa, kisha unafungua mdomo na kuinua ulimi ili ahakikishe kimeshuka. Baada ya hapo saa ndiyo inayotawala. Damu inachukuliwa baada ya robo saa, nusu saa, saa moja, saa mbili, na kuendelea hadi kesho yake, kwa sababu watafiti wanataka kuona dawa inapanda vipi ndani ya damu na inatoka kwa kasi gani. Chakula huja kwa saa maalumu, na pengine utatakiwa kukimaliza chote. Kahawa huenda ikakatazwa kabisa. Katikati ya vipimo kuna saa ndefu za kukaa tu.

Mara nyingi mambo huisha salama. Lakini si mara zote. Mwaka 2006, katika kituo cha utafiti kilichokuwa ndani ya hospitali ya Northwick Park, London, wanaume sita wenye afya walipewa dawa iliyoitwa TGN1412. Walidungwa mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika chache tu, na ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, viungo vyao vikianza kushindwa kufanya kazi. Walinusurika, ila baada ya matibabu mazito. Tangu hapo taratibu za kumpa binadamu dawa kwa mara ya kwanza zilikazwa: huanza mtu mmoja au wawili, halafu wengine husubiri. Hata hivyo, mwaka 2016 mjini Rennes, Ufaransa, mshiriki mmoja alifariki katika jaribio la awamu ya kwanza na wengine wakalazwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya malipo ni hili: dawa hii imeshawahi kupewa binadamu, na kwa kipimo gani?

Sasa, unayapata wapi? Chanzo cha kuaminika zaidi ni madaftari ya wazi ya majaribio, yaani orodha za mtandaoni ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Kubwa kuliko yote ni ClinicalTrials.gov, linaloendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na lilifunguliwa kwa umma mwaka 2000. Lina majaribio ya nchi nyingi sana, si ya Marekani peke yake. Shirika la Afya Duniani lina tovuti ya ICTRP inayokusanya taarifa kutoka madaftari ya sehemu mbalimbali za dunia, na kwa Afrika kuna daftari la PACTR. Andika jina la ugonjwa, nchi na mji ulio karibu nawe, kisha chuja ubaki na yale ambayo bado yanaandikisha watu. Kama huumwi chochote, chagua yanayopokea watu wenye afya. Kila jaribio lina namba yake, za ClinicalTrials.gov huanza na herufi NCT zikifuatiwa na tarakimu nane. Inakili namba hiyo, kwa sababu utaihitaji kila utakapouliza. Kiasi cha malipo mara nyingi hakiandikwi kwenye daftari, hivyo itabidi upige simu au uandike barua pepe.

Njia nyingine ni hospitali zinazofundisha madaktari, vyuo vikuu vya tiba na taasisi za utafiti, ambazo hubandika matangazo na kutunza orodha za watu wa kujitolea. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu, daktari anayemtibu ndiye mahali pazuri pa kuanzia, maana anajua dawa unazotumia na anaweza kukuambia bila kuzunguka kama jaribio hilo linakufaa. Tangazo la mtandaoni nalo si kosa, ila lisilo na namba ya usajili, jina la taasisi wala jina la mtafiti mkuu liache hapohapo.

Na namba ya usajili peke yake haitoshi. Daftari ni mahali pa kuandikisha, si muhuri wa ubora. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za wanawake watatu huko Marekani waliopata upofu mkubwa baada ya kliniki moja kuwadunga machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Baadhi yao waliamini wako kwenye jaribio la kitabibu, kwa kuwa utafiti wa namna hiyo ulikuwa umeorodheshwa kwenye ClinicalTrials.gov. Ukiombwa ulipe ili uingie kwenye jaribio, iwe ada ya fomu, ya vipimo, au ya "kushikiwa nafasi", simama. Katika jaribio la malipo pesa hutoka kwa watafiti kuja kwako. Vivyo hivyo, asitake mtu namba yako ya siri ya benki au ya simu eti ili akutumie posho.

Ukishapiga simu, utaulizwa umri, uzito, magonjwa, dawa unazotumia, na kama una ujauzito au unanyonyesha. Ukivuka hapo utaitwa kwa uchunguzi wa awali wa damu, mkojo na moyo. Wengi huishia hapa, na kukataliwa hakumaanishi kwamba wewe ni mgonjwa. Vigezo tu ni vya kubana. Uliza mapema kama siku ya uchunguzi inalipwa hata usipochaguliwa, na kama utaambiwa majibu yakionyesha tatizo.

Usifiche kitu kwenye maswali hayo. Wapo wanaohama kutoka jaribio moja hadi jingine bila kusema, ili walipwe mara mbili. Dawa ya kwanza inaweza kuwa bado mwilini wakati ya pili inaingia, na hakuna anayejua zikikutana zitafanya nini. Ndiyo sababu ya kutakiwa kupumzika, mara nyingi kwa miezi kadhaa, kabla ya kujiunga tena. Uingereza na Ufaransa zina mifumo ya kitaifa ya kuwatambua wanaojaribu kupita njia hiyo.

Halafu inakuja fomu ya ridhaa. Ina kurasa nyingi na inachosha, lakini ndiyo ulinzi wako. Ilizaliwa na maumivu ya kweli. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa wao utazamwe tu, hata baada ya penisilini kuwa dawa inayojulikana. Hawakuambiwa ukweli. Walivutwa kwa milo ya bure, usafiri na ahadi ya gharama za mazishi. Watu waliolishwa na kubebwa kwa gari, na bado baadhi yao wakafa bila kujua kinachowaua. Leo mtafiti analazimika kukueleza, kwa lugha unayoielewa, utafiti unatafuta nini, utafanyiwa nini na madhara gani yanaweza kutokea. Lazima pia uelezwe kama kuna dawa bandia, yaani isiyo na kiini cha tiba, na kwamba anayepata dawa halisi huamuliwa kwa bahati nasibu. Omba nakala uende nayo nyumbani, umsomee mtu unayemwamini. Mtafiti mwadilifu hatakuharakisha.

Soma kwa makini zaidi sehemu mbili. Ya kwanza ni ya madhara: ukiumia kwa sababu ya utafiti, nani analipa hospitali, na kwa muda gani? Ya pili ni ya kujitoa. Una haki ya kuacha wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Malipo nayo yagawanywe kwa mahudhurio, kiasi fulani kila unapokuja, yasingojee mwisho. Kama fomu inasema hupati chochote mpaka umalize, hiyo ni njia ya kukufunga ukae hata mwili unapokataa, na ni haki yako kuiuliza kamati ya maadili. Mawasiliano ya kamati hutakiwa kuwa kwenye fomu hiyohiyo.

Siku ya kuondoka, hakikisha una nakala ya fomu iliyosainiwa, namba ya simu ya kituo inayopatikana saa zote, na kadi inayotaja jaribio ulilokuwemo. Ukijisikia vibaya wiki au miezi baadaye, mwonyeshe daktari yeyote kadi hiyo kabla hajakuandikia dawa, na umpigie mtafiti pia. Ukitaka kujua dawa uliyoimeza iliishia wapi, rudi kwenye daftari na namba yako. Matokeo ya majaribio mengi hutakiwa kuwekwa hapo utafiti ukiisha.