Taharuki si mlipuko

Siku hizi kila filamu yenye mabomu mawili na gari linalobingirika inasifiwa kuwa "imejaa taharuki". Hapana, jamani. Taharuki ni ile hali ya msomaji au mtazamaji kukaa roho juu, akisubiri jambo analohisi linakuja bila kujua litaishaje. Maana ndiyo hiyo.

Neno tumelipata kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na haraka na harakati: mambo ya kujongea, ya kutotulia. Ndiyo maana magazeti huandika kwamba uvumi wa ugaidi "umezua taharuki" mjini, na hayajakosea, kwa sababu watu hawakutulia. Kwenye fasihi asiyetulia ni wewe uliyekaa kitini. Wahusika wenyewe wanaweza kuwa wanakunywa chai.

Kinachoniudhi ni kuichanganya na mshtuko. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock aliwahi kulieleza vizuri: watu wanazungumza mezani, bomu linalipuka ghafla, mtazamaji anashtuka sekunde 15 na yakaisha. Sasa mwonyeshe kwanza bomu lililo chini ya meza, pamoja na saa ukutani, halafu waache waendelee na porojo zao. Dakika 15 nzima hatapumua.

Au chukua Network, filamu ya mwaka 1976 inayoisuta televisheni ya Marekani. Mtangazaji wa habari Howard Beale anaachishwa kazi kwa kukosa watazamaji, naye anatangaza hewani kwamba wiki ijayo atajiua kipindini. Watazamaji wanaongezeka! Baadaye mvuto wake unaposhuka tena, wakubwa wa kituo wanakaa ofisini na kukubaliana auawe, kazi wapewe magaidi ambao tayari wana kipindi chao hapohapo kituoni. Hakuna anayepaza sauti. Utadhani wanapitisha bajeti. Kisha Beale anaingia studio, ukumbi unamshangilia, na sisi tunajua anachokwenda kukutana nacho. Taharuki imo humo, kati ya kikao na risasi. Risasi ikishalia, imekwisha. (Kile kicheko kinachokukwama kooni wakati wa kikao ni tashtiti, yaani dhihaka ya kusuta, nayo ina watu wake wa kuichanganya.)

Kwa hiyo filamu ikikurusha kitini mara tano, sema inashtua. Nayo ni sifa, wala mwongozaji hatanuna.