Afisa Akituhumiwa Ubaguzi, Atajitetea Vipi?

Afisa wa umma hapa Mombasa akiambiwa amembagua mtu kwa rangi au asili yake, jibu la kwanza huwa lile lile: "Mimi? Nimezaliwa Majengo, nimekula daku na Waarabu, mke wangu Mbajuni!" Huenda yote ni kweli. Lakini mlalamishi hakuuliza moyo wake ukoje. Ameuliza kwa nini yeye alitakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa cha babu yake ili apate kitambulisho, na kijana aliyemtangulia kwenye foleni hakutakiwa.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, uwe wa rangi, kabila, dini, lugha au hata mavazi. Huo wa pili ndio unaowanasa maafisa wasio na chuki na mtu. Sharti huandikwa kwa wote, kisha likawaangukia wenye majina fulani tu.

Kinachomtetea afisa ni faili. Sheria ya 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala inampa aliyeathirika haki ya kuomba sababu. Zisipotolewa, mahakama inayopitia uamuzi huo huchukulia, hadi ithibitishwe vingine, kwamba ulifanywa bila sababu ya maana. Tena upendeleo si lazima uthibitishwe. Ukishukiwa kwa msingi unaoingia akilini, hiyo pekee yaweza kuutengua uamuzi. Kwa hivyo aonyeshe kanuni aliyoifuata, na nani wengine walioombwa karatasi ile ile. Na asiandike maelezo baada ya malalamishi kufika halafu akayatia tarehe ya nyuma. Hapo amejimaliza mwenyewe.

Naye ana haki zake. Apewe tuhuma kwa maandishi, aone ushahidi, apate muda wa kujibu, na asikilizwe na mtu asiye upande wowote. Kusambaza picha yake WhatsApp si kusikilizwa. (Na tukubaliane, wapo kati yetu wanaolia ubaguzi kila wakirudishwa dirishani kwa kukosa karatasi.)

Asichostahili kufanya ni kumtuma mzee wa mtaa kwa mlalamishi "yaishe". Hata akienda kwa nia njema, hilo husomeka kama vitisho.

Wewe uliyenyimwa huduma, andika barua ya kuomba sababu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, ipeleke kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamishi dhidi ya maafisa wa umma, pamoja na nakala hiyo.