Asiyelia naye apimwe

Kwenye benchi la kliniki hapa Newala, mama mwenye watoto wawili wa sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, haishi kuulizwa: "Hawa kweli baba yao mmoja?" Kipupwe kikiingia, mkubwa hushikwa na mifupa hadi halali. Mdogo anacheza mpira. Swali la kichokozi, lakini limebeba dhana kadhaa.

"Ugonjwa mmoja, kwa hiyo wote wataumwa sawasawa." Hitilafu ni moja kweli, iko kwenye jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, katika kromosomu ya 11, na mgonjwa wa aina hii ameirithi kwa baba na kwa mama. Ila jeni hiyo haifanyi kazi peke yake. Wapo ambao miili yao huendelea kutengeneza himoglobini ya kichanga hata ukubwani, kutokana na tofauti katika jeni nyingine, mojawapo BCL11A. Himoglobini hiyo huzuia chembe nyekundu za damu zisijipinde kama mundu. Watoto wa tumbo moja hutofautiana hapo, bila mtu kuchepuka.

"Asiyelia maumivu hana neno." Hii ndiyo inayonitisha. Maumivu ya mifupa huja chembe zinapoziba vijishipa vidogo. Mishipa mikubwa ya ubongo ina balaa lake: chembe hupasuka upesi, himoglobini humwagika ndani ya damu na kuimaliza naitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa. Kuta huvimba kwa ndani, njia hubana. Kisha kuna alfa-thalasemia, hitilafu nyingine ya himoglobini, ambayo wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wameirithi. Mwenye sikoseli aliye nayo, chembe zake hazipasuki ovyo na hatari ya kiharusi hupungua. Lakini damu huwa nzito, na maumivu ya mifupa yaweza kuzidi. Huenda basi ubongo wa yule anayelia usiku una nafuu kuliko wa mcheza mpira.

Kwa kumtazama hujui. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa kando ya kichwa, hakiumi, cha watoto wa miaka 2 hadi 16. Damu ikikimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ya kiharusi ni kubwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto hao mara kwa mara hupunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, nayo hushusha kasi hiyo, kwa hiyo si dawa ya wenye maumivu peke yao.

"Mdomo umepinda, kapigwa na upepo." Kwa mwenye sikoseli, huenda ni kiharusi. Hospitali saa hiyohiyo, mganga wa kienyeji asimcheleweshe.

Kidonda sugu cha kifundo cha mguu? Hakuna aliyekanyaga kitu cha mtu. Ni sikoseli ileile inayobana mishipa. Na mvulana ambaye uume umesimama kwa saa nne bila hamu, akaficha kwa aibu, aambiwe mapema na mjomba wake kwamba hiyo nayo ni sikoseli, na ni dharura.