"CT imetoka safi, sasa anajisingizia nini?"

Sentensi hiyo husemwa na wake, shemeji, waajiri, na wakati mwingine wahudumu wa afya ambao walipaswa kujua. Mgonjwa aliyeumia kichwa ajalini ametoka wodini anatembea, anaongea, bahasha ya picha iko kwapani, na CT, picha ya kichwa ya X-ray inayounganishwa na kompyuta, haina doa. Basi kila anachosahau kinaitwa uvivu.

CT ya siku ya ajali ina kazi moja: kusema kama kuna cha kupeleka chumba cha upasuaji usiku huo. Inaonyesha damu iliyovilia, fuvu lililobonyea, ubongo uliosukumwa upande mmoja. Kwa hilo, ndani ya dakika chache, haina mpinzani. Nyuzi za neva ndizo haizioni. Mwendesha bodaboda akirushwa barabara ya Singida, fuvu husimama ghafla huku ubongo ukiendelea kuzunguka ndani. Nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu za ubongo huvutika na kujipinda, na nyingine hukatika saa au siku kadhaa baadaye, picha ikiwa imeshapigwa zamani.

Matokeo yake ni dereva anayesahau kama abiria alisema Majengo au Sabasaba, au mama lishe anayechanganya chenji ya wateja watatu. Umakini, kasi ya kufikiri na kumbukumbu ya mambo mapya hupimwa kwa mtihani. Picha haivipimi. Mpe maneno 5 ayakumbuke baada ya dakika 5. Ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, kisha wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika 1. Mpime kwa lugha aliyoizoea nyumbani, iwe Kigogo au Kirangi. Aliyeishia darasa la nne asihukumiwe kwa kushindwa kutoa 7 kutoka 100 mfululizo; mpe hesabu ya chenji ya sokoni.

Kuna swali moja lisilogharimu hata shilingi: "Baada ya ajali, kitu cha kwanza unachokumbuka mwenyewe ni kipi, na kuanzia hapo kumbukumbu imeshikana?" Pengo likizidi saa 24, jeraha si dogo hata CT iwe safi namna gani. Likizidi siku 7, ni kubwa. (Kama alilazwa kwa dawa za usingizi, hesabu hiyo ichukuliwe kwa tahadhari.) Jibu liandikwe kwenye faili mapema, kwa sababu akishasimuliwa na ndugu, huyasimulia kana kwamba aliyaona.

"Basi apigwe MRI, ile picha ya sumaku, inaonyesha kila kitu." Haionyeshi kila kitu. Inafaa pale dalili ni nzito kuliko CT inavyoeleza, na fomu isiishie "MRI ya ubongo": omba SWI, aina ya picha ya MRI ambayo huona mabaki ya vidoa vidogo vya damu hata miezi baadaye. Hata hivyo wapo wenye vidoa vingi wanaorudi kazini, na wasio na kidoa wanaoshindwa. Mgonjwa atalala kimya nusu saa hivi. Asiyetulia ataleta picha za ukungu. Mwenye kipande cha risasi au betri ya moyo aseme kabla ya kuingia.

"X-ray ya kichwa inatosha." Hapana. X-ray huona mfupa, na fuvu lisilovunjika linaweza kufunika damu.

"Picha ya kwanza ilikuwa safi, ya nini kurudia?" Mzee aliyejikwaa, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anaweza kuanza kuchanganyikiwa wiki 3 baadaye kwa damu inayovuja polepole juu ya ubongo. Arudiwe CT, na tarehe ya kuanguka iandikwe kwenye fomu: damu ya umri huo huweza kufanana rangi na ubongo, na msomaji wa picha asiyejua tarehe huipita.

"Dawa za degedege zinamlinda, aendelee nazo." Fenitoini hupunguza degedege la siku 7 za mwanzo. Kwa ambaye hajawahi kudegedeka, haizuii kifafa cha baadaye. Fenobabitoni nayo huzubaisha hata akili isiyo na jeraha, seuze iliyojeruhiwa. Kwa hiyo kabla ya kulipia MRI, soma cheti cha dawa. Ukikuta mojawapo ya dawa hizo humo miezi minne baada ya ajali, na hajawahi kudegedeka, mrudishe kwa daktari aipunguze hatua kwa hatua. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lenyewe.