Je, wajua kwa nini kuku wa shukrani hupigwa mnada kanisani?

Ukisali kwenye kanisa la kijijini Dodoma kati ya Juni na Agosti, usishangae jogoo akimkatiza mchungaji katikati ya mahubiri. Ni ibada ya mavuno. Mbele ya madhabahu kuna madebe ya mtama na uwele, karanga, alizeti, maboga, mayai kwenye bakuli. Mbuzi kafungwa nje chini ya mti. Baraka ikishatolewa watu hawatawanyiki. Mzee wa kanisa anashika kipaza sauti, na mnada unaanza.

Mgeni huuliza: si wangeuza tu huko Soko la Majengo, wakaleta pesa kwenye bahasha?

Jibu la kwanza liko Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli aliagizwa kutia malimbuko, yaani mazao ya kwanza, kapuni, ayapeleke kwa kuhani, kisha asimulie kwa sauti baba zake walivyotangatanga, wakateswa Misri, wakatolewa. Shukrani hiyo ilikwenda pamoja na historia yake. Noti ya elfu kumi haisemi ilikotoka, lakini debe la uwele kila aliye kwenye benchi anajua lilivyopatikana.

Na Dodoma kulipata si mchezo. Mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kwa kawaida milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi hukatika Februari mazao yakiwa bado machanga. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wana jina la njaa iliyowapiga kati ya 1917 na 1920, Mtunya, wakati majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalipokuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua nayo ikagoma. Mahali penye kumbukumbu ya namna hiyo, anayebeba debe kichwani kwenda kanisani hahitaji kufundishwa maana ya kushukuru.

Sasa mnada unaingiaje? Kwanza kuna sababu ya kawaida kabisa: kanisa halina ghala, na mchungaji hawezi kufuga kuku ishirini ofisini. Ila mimi naona sababu kubwa ni watu wasio na shamba. Mwalimu, dereva wa bodaboda, karani wa wizara aliyehamia makao makuu, hawa hawana gunia la kuleta. Mnada unawapa nafasi. Ile sura ya 26, mstari wa 11, inataka Mlawi, ambaye kabila lake halikugawiwa ardhi, na mgeni wafurahi pamoja na mwenye kapu.

Ndiyo maana bei ya hapo haifuati ya sokoni. Yai moja la bibi mjane linanadiwa, mtu anatoa elfu tano, vigelegele, kisha anasema, "Nimerudisha, liuzwe tena!" Linauzwa. Wa tatu analinunua na kumkabidhi bibi mwenyewe, ambaye anarudi nyumbani na yai lake, na sadaka yake imeshahesabiwa.

Kuna mahali mnada huharibika, na si vizuri kulifumbia macho. Wenye fedha wakianza kushindana, mwenye mia tano mfukoni anajikunyata nyuma. Yesu aliketi kuielekea sanduku la hazina akawatazama watoaji (Marko 12), na aliyemsifu ni mjane wa senti mbili. Wazee wenye busara huanza na vitu vidogo, fungu la mlenda mkavu kwa mfano, ili kila mtu apate cha kununua kabla mbuzi hajaletwa.

Mwaka wa ukame je? Ibada hufanyika, mnada ukiwa mfupi. Hapo Habakuki 3 inaeleweka vizuri zaidi Hombolo, huko Dodoma kunakolimwa zabibu, kuliko sehemu nyingi, maana nabii anataja mizabibu isiyozaa na zizi lisilo na mifugo, na bado anasema atamfurahia Bwana.

Ukialikwa, beba pesa ndogondogo, na kamba ya kufungia kuku.