Kaya ni salamu: dhana potofu kuhusu Kinoongar

Mswahili akisikia "kaya" mjini Perth, kusini-magharibi mwa Australia, atadhani linatajwa jambo la nyumbani. Kumbe anasalimiwa. Kwa Wanoongar, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kaya ni salamu na pia ni "ndiyo". Siku hizi wageni wengi wanalijua neno hilo, na wengine huishia hapo hapo, ilhali utamaduni wenyewe umefichwa ndani zaidi ya salamu. Hizi hapa dhana potofu zinazosikika kuhusu lugha yao, Kinoongar.

"Ni lugha ya Waaborigini", yaani wenyeji wa asili wa Australia. Hakuna lugha ya namna hiyo, kama vile hakuna "lugha ya Waafrika". Wazungu walipoanza kuhamia Australia mwaka 1788, bara lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Kinoongar ni moja tu, na ndani yake kuna makundi 14. Maji huku huitwa kep, kule kabi. Jina lenyewe huandikwa Noongar, Nyungar au Nyoongar, na zote ni sahihi. Mgeni asimsahihishe mwenye lugha.

"Ilishakufa." Iliponea chupuchupu. Sheria ya mwaka 1905 ya Australia Magharibi ilimfanya ofisa mmoja wa serikali kuwa mlezi wa kisheria wa watoto wa Kiaborigini, wazazi wao wakiwa hai. Watoto wakachukuliwa, wengi wakapelekwa kwenye kambi kama Moore River. Wazee walionyamaza mbele ya watoto wao hawakuwa wamesahau, walikuwa wakiwalinda. Leo Kinoongar kinafundishwa shuleni, na mwaka 2020 tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, iliigizwa Perth kwa lugha hiyo, ikiitwa Hecate.

"Ni kukariri majina ya ndege na wanyama." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Sisi tunasema "sisi wawili", wawe mke na mume au abiria waliokutana stendi. Sarufi ya lahaja ya Perth iliyochapishwa mwaka 1841 inataja maneno matatu ya kusema hivyo: ngali kwa ndugu au marafiki, ngala kwa mzazi na mwanawe, ngannik kwa mume na mke. Yaani kabla hujafika kwenye kitenzi, umeshaeleza huyo uliye naye ni nani kwako. Undugu umo ndani ya sarufi yenyewe. Tena, boodja ni ardhi, na mwanamke mjamzito ni boodjari. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, utaanza kuelewa kwa nini Mnoongar haizungumzii ardhi kama kiwanja cha kuuza.

Hata ramani inasomeka. Kiishio -up hufanya kazi inayokaribia ya -ni yetu ya mahali: kodj ni shoka la jiwe, na mji wa Kojonup umebeba jina hilo mpaka leo.

"Misimu ni minne." Ni sita: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba na Kambarang. Birak, joto la Desemba na Januari, ndio wakati wa jadi wa kuchoma vichaka kwa mpangilio. Majira ya Ulaya yaliyobandikwa pale hayakuambii hilo.

"Kamusi inatosha." Kamusi husaidia, lakini matamshi hutoka kwa wazee, na neno hupata uzito likifundishwa mahali linapohusika.

Chukua kisiwa cha Rottnest, karibu na Perth, ambako watalii hupiga picha na kwoka, mnyama mdogo mwenye uso wa tabasamu. Jina la mnyama huyo ni la Kinoongar. Kisiwa chenyewe Wanoongar wanakiita Wadjemup, na wanaeleza kuwa ni mahali ng'ambo ya maji ziliko roho. Kuanzia mwaka 1838 serikali ya kikoloni ilikifanya gereza la wanaume na wavulana wa Kiaborigini, na zaidi ya 370 kati yao walifia huko. Anayekiita Rottnest anakwenda kutalii. Anayekiita Wadjemup akiwa anaijua maana yake, hushuka kivukoni kwa sauti ya chini.