Mtandao uliogatuliwa sio sanduku la siri jamani

Wiki hii tena mtu kanifuata, akaunti yake ya Mastodon (mtandao wa kijamii uliogawanywa kwenye seva nyingi, kila moja na admini, yaani mwendeshaji, wake) haijamaliza hata siku tatu, anataka kumtumia mwenzie picha ya kitambulisho kwa meseji ya faragha, eti huku hakuna kampuni kubwa kwa hiyo hakuna anayeona. Mimi naendesha seva, na hii kauli nimeisikia mpaka nimechoka.

Anayeona yupo. Meseji ya faragha ya Mastodon ni posti kama posti zingine, imepunguziwa watu wa kuisoma tu, haijafungwa kwa msimbo toka simu yako mpaka simu ya mwenzio kama programu ya meseji ya Signal inavyofanya. Inakaa kwenye databesi ya seva yako, na kama unayemwandikia yuko seva nyingine basi na huko inakaa, kwa hiyo admini wa huku na admini wa kule wote wakitaka kuisoma wanaisoma. Mimi zako sifungui, ila wewe utajuaje? Halafu ukimtaja mtu wa tatu kwa alama ya @ ndani ya meseji hiyo, hata kama ulikuwa unamsengenya tu, na yeye inamfikia! Programu yenyewe inakuonya usitume mambo nyeti, watu wanapita tu hawasomi.

Na kufuta je? Ukifuta, seva yako inatuma ombi kwa zingine zifute, nyingi zinafuta, lakini iliyokuwa imezimwa au iliyokataa inabaki na nakala yake. Kugatua maana yake vitu vyako viko kwenye mikono mingi. Bluesky, mtandao mwingine wa aina hii, nako watu wanajidanganya hivyohivyo, wakati laiki zako na hata orodha ya uliowabloku ni vya hadharani, mwenye utaalamu kidogo anavisoma. Siri zako peleka Signal, nimesema hili mara ngapi.

Mengine haraka haraka. Eti lazima ufungue akaunti kila seva, hapana, seva zinaongea kwa ActivityPub, lugha yao ya pamoja, kiwango cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) tangu 2018, ni kama barua pepe tu. Eti ni mambo ya kripto, Mastodon ipo tangu 2016 na haina sarafu wala blokcheni yoyote. Eti huwezi kufungiwa, wakati mimi mwenyewe nafungia watu, na Gab, mtandao wa kijamii wa mrengo mkali wa kulia, walipohamia kwenye programu ya Mastodon mwaka 2019 seva kibao ziliwakatia mawasiliano.

Na eti ukihama seva unahama na kila kitu. Wafuasi ndio wanahama, posti zinabaki ulikotoka. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio leo hii uombe nakala ya akaunti yako uishushe, usisubiri admini atangaze anafunga, maana wengine wanazima bila kuaga na hapo hutampata wa kumuomba.